Chema Hakijiuzi

(Mhadhara kwa mafundi wa kazi za mikono, kama ulivyotolewa)

Asante, mwenyekiti. Naona nyuso ninazozijua, na wengine mmeshaanza kutabasamu kwa sababu mnajua ninakoanzia. Sawa, naanzia hapohapo. Siku mtakayoacha kuniambia "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", nami nitatafuta hotuba nyingine.

Methali ile ni ya sokoni, na sokoni ina ukweli wake. Mnunuzi anakishika kitu, anakipima uzito, anakigonga, anakivuta, anakinusa. Aliyekitengeneza anamjua, na kikipasuka anajua pa kumpata. Hapo chema kinajiuza kweli, maana mikono ya mteja ndiyo inayokisemea. Leo mteja anaonana na kazi yako kwenye kioo cha simu, upana wa vidole vinne. Ngozi hainusi. Chungu hakigongi akasikia kinavyolia. Machoni pake mkoba wangu na mkoba wa kiwandani ni mapacha, tena yule wa kiwandani ndiye aliyepigwa picha nzuri.

Mimi ni fundi ngozi. Ngojeni nishone kidogo hapa, wa nyuma sogeeni. Uzi ni mmoja, umepakwa nta, na kila ncha ina sindano yake. Natoboa kwa msharasi. Sindano ya kushoto inapita, halafu ya kulia inapita tundu lilelile ikitokea upande wa pili. Navuta zote mbili kwa nguvu moja. Nahamia tundu linalofuata. Cherehani haishoni hivi. Cherehani ina nyuzi mbili, wa juu na wa chini, kila mmoja unabaki upande wake na zinakabana katikati tu. Mmoja ukilika ukakatika, mwenzake amebaki hana cha kushika, mshono unaanza kufumuka. Huu wangu ukikatika upande mmoja, wa pili bado umepita kila tundu. Mkanda mmoja wa begi unaweza kunimalizia asubuhi nzima, na nikishamaliza, ukiutazama kwa mbali, unaona vitone tu, kama vitone vya mashine.

Sasa niambieni, mshono huu utajiuza vipi? Una mdomo?

Kwa miaka mingi chini ya picha zangu niliandika: "Mkoba wa ngozi halisi, kazi ya mkono, umetengenezwa kwa upendo." Upendo! (Kicheko.) Mnacheka, na nusu yenu mmeandika hivyohivyo jana. Mteja aupeleke wapi upendo wangu? Hata "kazi ya mkono" yenyewe haisemi kitu. Kiwandani nako kuna mikono, tena mingi. Kama huwezi kusema mkono ulifanya nini ambacho mashine isingefanya, umenyamaza kwa maneno mengi.

Aliyenitoa huko ni rafiki yangu mfinyanzi. Tulikuwa na meza jirani kwenye maonyesho. Mama mmoja akasimama kwangu, akashika mkoba, nami nikaanza: ngozi nzuri, imara, utadumu, hutajuta. Mnayajua yale macho ya mtu anayetafuta namna ya kuondoka bila kukuvunjia heshima? Ndiyo niliyoyaona. Mfinyanzi wangu akaja, vidole vina udongo, akauchukua mkoba bila hata kuniomba ruhusa, akaugeuza ndani nje. Akasema, "Mama, huko kuzuri usitazame. Tazama huku." Akamwonyesha mahali uzi unapoishia: hakuna fundo, nimerudi nyuma matundu matatu, uzi umekatwa ukalala bapa. "Huyu hakuharakisha hata mahali pasipoonekana," akamwambia. Basi. Mkoba ukaondoka, na mimi nimesimama pale kama mgeni kwenye meza yangu mwenyewe.

Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi. Yule bwana hajawahi kushona ngozi maishani mwake. Lakini ni fundi, na fundi anajua uvivu unakojificha: chini, ndani, nyuma. Yeye akipewa chungu hukigeuza kwanza atazame kitako. Jioni ile nikaenda mezani kwake nikatazama majagi yake kwa jicho hilohilo, nikamuuliza kuhusu mpini. Kumbe mpini, kwa kuwa ni mwembamba, hukauka upesi kuliko mwili wa jagi. Ukikauka unasinyaa, na ukisinyaa peke yake unajivuta, panatokea ufa kwenye kiungo, ufa mwembamba ambao pengine hutauona mpaka jagi litoke jokoni. Kwa hiyo yeye huviringishia mpini kipande cha plastiki, akaacha jagi zima likauke pamoja, polepole, siku kadhaa. Na kwenye tangazo lake ameandika nini? "Jagi zuri la kahawia."

Nikamgombeza. Akashangaa. Kwake kufunika mpini ni kama kunawa mikono. Nani anatangaza kwamba amenawa? Ndiyo maana kinyozi hajinyoi, ndugu zangu. Jambo unalolifanya kila siku umeshaacha kuliona, anayeliona ni mwenzako. Tangu siku ile majagi yake nayaeleza mimi, mikoba yangu anaieleza yeye.

Najua kuna mtu hapa anajisemea: huyo ni mfinyanzi na wewe ni fundi ngozi, hamgombanii mteja. Mimi jirani yangu anashona mikoba kama yangu, nikimsifia si nimejifungia duka?

Tumtazame Maria Martinez, mfinyanzi wa kijiji cha San Ildefonso huko New Mexico, Marekani, wa jamii ya wenyeji asilia. Mwishoni mwa miaka ya 1910, yeye na mumewe Julian walipata njia ya kutoa chungu cheusi chenye mapambo meusi: weusi uliofifia juu ya weusi unaong'aa kama kioo. Katikati ya kuchoma waliufunika moto kwa samadi ya unga, hewa ikakosekana, moshi ukauingia udongo. Vyungu vikapata soko. Mimi na wewe siri ile tungeizika uani. Wao wakawafundisha wenzao, na jina la San Ildefonso likawa linatafutwa na wanunuzi. Mtu anayekwenda kijijini kutafuta chungu cheusi anapita milango mingi. Kama angekuwa Maria peke yake, siku akiumwa hakuna safari.

Inasimuliwa hata kwamba majirani walimletea vyungu vyao awatilie sahihi yake, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanadai jina, naye akawatilia. Hilo siwashauri. Ni wema kwa jirani, lakini mnunuzi amedanganywa. Ila zitazameni zile sahihi zake halali. Vyungu vingi Julian ndiye aliyevichora, na bado mwanzoni kitakoni lilikaa jina moja tu, Marie, kama alivyojiandika wakati ule. Baadaye likaja Marie na Julian. Julian akafariki mwaka 1943, mkwewe Santana akachukua kuchora, naye akaandikwa. Kisha Popovi, mwana wa Maria, naye akaandikwa. Ukigeuza vyungu vile unaisoma familia nzima ilivyofanya kazi. Mimi ngozi yangu inatiwa rangi na mtu mwingine, na nilikaa miaka minane sijamtaja mahali popote. Miaka minane! Kwa kisingizio kwamba hakuna aliyeuliza.

Na kila mara lazima atokee msomi mmoja aninyooshee kidole: mbona Hamada Shoji wa Japani, bingwa wa wafinyanzi, vyungu vyake hakuvitia sahihi? Kweli, vyungu vyake vya Japani hakuvitia. Ila sanduku la mbao lililobeba chungu lilikuwa na maandishi yake. (Kicheko.) Halafu hesabu watu waliokuwa wanamsemea. Yanagi Soetsu, mwanafikra wa Japani aliyetetea kazi za mikono, alikuwa anaandika. Bernard Leach, mfinyanzi Mwingereza ambaye Hamada alifuatana naye mwaka 1920 kwenda St Ives, Uingereza, kujenga joko, alikuwa akimtangaza huko Magharibi. Mwaka 1952 hadi 1953 wote watatu walizunguka Marekani wakihadhiri, Hamada akifinyanga mbele ya watu. Mwenye rafiki wa hivyo anaweza kukaa kimya na kupendeza. Wewe una nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine manne. Picha: piga ya mbele moja, halafu piga ya nyuma na ya ndani, ukiwa umekaribia mpaka uzi uonekane. Bei, siku nyingine, maana tukiianza hatulali. Kuigana, naomba msinichokoze.

Ila la masoko ya mtandaoni lazima niliseme. Etsy ilianza mwaka 2005 kama nyumba ya kazi za mikono. Mwaka 2013 ikaruhusu wauzaji wapeleke kazi kwa watengenezaji wa nje. Mwaka 2022 ikapandisha ada yake ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5, wauzaji kwa maelfu wakagoma wiki nzima mwezi Aprili, na ada ikapanda vilevile. Sisemi msiuzie huko. Nasema majina ya wateja wako yawe kwenye daftari lako, na ukurasa wa mwisho wa daftari uwe na majina ya mafundi wenzako, ili mteja akitaka usichokiweza umtume kwa mtu, usimwambie "sina" ukanyamaza.

Sasa mmekuja na kazi zenu, niliomba kila mtu aje na kitu kimoja. Mpe aliye kulia kwako. Mwenye kitu haruhusiwi kusema neno. Dada mwenye kikapu, mpe huyo baba seremala. Mzee, kigeuze. Hapana, kitako juu. Haya, tuambie sote, ukili ule wa mwisho ameufichaje?