Mraba Usiovunjika: Kompyuta Katika Somo la Jiometri

(Mhadhara kwa walimu wa hisabati, Kisumu)

Walimu wenzangu, hamjambo. Naanza na mraba, maana ndio unaotuumbua.

Fungua GeoGebra, programu ya bure kwa matumizi ya darasani, ambayo Markus Hohenwarter alianza kuiunda mwaka wa 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Weka nukta nne kwa kukadiria kwa jicho, ziunganishe. Darasa linaona mraba safi. Sasa shika kona moja uivute. Umbo lote linapinda kama debe lililokanyagwa. Ulikuwa umechora sura ya mraba tu, na programu haikuambiwa lolote kuhusu pembe wala urefu.

Anza upya. Chora mstari AB. Simamisha mstari wa pembemraba kwenye A, na mwingine kwenye B. Chora duara lenye kitovu A linalopita kwenye B. Linapoukata mstari wa A, upande wa juu, weka nukta D. Duara la pili, kitovu B na kupita kwenye A, litakupa C upande uleule. Unganisha, kisha ufiche maduara. Vuta A utakavyo: mraba utakua, utasinyaa, utageuka, na pembe zitabaki nyuzi 90. Waulize wanafunzi kwa nini wa kwanza ulivunjika na huu umekataa. Jibu lao ndilo somo. Kipo kitufe kinachochora mraba mzima kwa mibofyo michache. Usiwaonyeshe mapema, kitakuibia kipindi.

Rangi za nukta nazo zinasema. Kwa kawaida nukta huru ni ya buluu, iliyofungwa juu ya mstari au duara ni buluu hafifu, na iliyozaliwa na makutano ni nyeusi au kijivu. Mwanafunzi akidai nukta yake iko juu ya duara ilhali ina buluu nzito, iko jirani tu. Aivute, itatoroka.

Sasa tuje kwenye pembe za duara, ambako walimu wengi hukwama mbele ya watoto. Chora duara lenye kitovu O. Juu yake weka A na B, ukienda kutoka A hadi B kinyume cha mwendo wa saa, ili pembe ya kitovuni iwe nyuzi 100. Weka C kwenye tao kubwa, yaani kipande kirefu cha duara kati ya A na B. Pima pembe ya C kwa kubofya A, C, B kwa mpangilio huo. Utapata 50. Vuta C taratibu kwenye tao kubwa: 50 haitikisiki. Wape muda waione, msiharakishe. Kisha vuta C ivuke B iingie tao dogo, na ghafla namba inaruka kuwa 230. Darasa linacheka, mwalimu anasema mashine imeharibika.

Haijaharibika. Programu hupima pembe kinyume cha mwendo wa saa, kutoka mkono wa kwanza uliobofya hadi wa mwisho. C ilipovuka, ilianza kupima upande wa nje. Ndani kuna 130, maana 360 ukitoa 230 zinabaki 130. Fungua sifa za pembe hiyo, uiwekee mpaka wa kati ya 0 na 180, nawe utasoma 130.

Lakini kosa linalofuata ni baya zaidi: mwalimu aliyeona dawa hiyo inafaa huipaka kila mahali, hata kwenye pembe ya kitovuni. Hapo ataonyesha 130 huku na 100 kule, na kanuni ya kwamba pembe ya kitovuni ni maradufu ya ile ya mzingoni, yaani ya C, itaonekana ya uongo. Pembe ya kitovuni iacheni kati ya 0 na 360, kisha mpime ile ya pili kwa kubofya B, O, A: 260. Nusu yake ni 130. Na 50 pamoja na 130 ni 180, kwa hiyo kanuni ya pembe zinazokabiliana katika umbo la pande nne ndani ya duara imejitokeza bila kuitwa.

Tahadhari ya desimali. Ukiondoa desimali zote ili skrini ipendeze, pembetatu yenye pembe 57.6, 60.7 na 61.7 itaandikwa 58, 61 na 62. Jumla 181. Yupo mtoto atakayejumlisha, tena mumshukuru. Acheni desimali moja, na mseme wazi kwamba hata nafasi kumi zikikubali, kupima hakujathibitisha kitu. Uthibitisho wa pembe ya kitovuni bado unahitaji mstari kutoka C kupitia O na pembetatu mbili zenye pande mbili sawa. Huo uandikwe ubaoni kwa chaki. Na kwa kuwa mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, huwataka wanafunzi wachore kwa rula na bikari pekee, kila kilichojengwa kwenye skrini kichorwe tena daftarini.

Mfano wa kuwaamsha: lango la mpira lina upana wa mita 7.32, na nukta ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Pembe ya mpigaji kati ya milingoti miwili ni takriban nyuzi 36.8. Waulize ni wapi pengine uwanjani lango linaonekana kwa upana huohuo. Chora duara linalopita kwenye milingoti na nukta ya penalti. Nusukipenyo ni karibu mita 6.11. Tao lote lililo ndani ya uwanja ndilo jibu. Mjini humu hakuna atakayesinzia.

Kuhusu vifaa, nitasema machache. Pakueni programu nyumbani, kisha mzime intaneti na mjaribu kama inafunguka. Kuza maandishi hadi aliye nyuma ayasome. Projekta ikabili ukuta usiopigwa na mwanga wa madirisha, maana jua la saa nane hapa huifuta picha. Projekta ya balbu isizimwe kwa kung'oa waya; feni imalize kupoza kwanza. Umeme ukikatika ghafla, subirini ipoe kabla ya kuiwasha. Wakati huo laptopu yenye betri inatosha kwa wanafunzi sita au saba kwa zamu, wengine wakichora.

Katika kipindi cha dakika 40, skrini isizidi 15. Kabla ya kuvuta nukta yoyote, kila mwanafunzi aandike anachotarajia kuona.

Sasa fungueni mashine zenu, wawiliwawili. Duara, kitovu O, A na B juu yake. Msiweke C mpaka jirani yako aandike namba anayoitarajia.