Namba Hii ni ya Lini?

Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo? Haya.

Zoezi mnalijua, na wengine mmelimaliza jana usiku: kuchukua hali ya hewa ya Mwanza kutoka Open-Meteo, huduma ya hali ya hewa ya mtandaoni, na kuionyesha kwenye skrini. Unataja latitudo -2.52 na longitudo 32.92, seva inakujibu kwa JSON, yaani maandishi yenye kila data na jina lake, unatoa nyuzijoto na upepo. Mistari kumi ya Python, lugha yetu ya kuandikia programu. Hiyo siirudii. Nataka kusema kitu ninachokisema kila darasa, na kila darasa naletewa kazi zisizonacho: saa.

Niliwahi kumfungia mama mmoja televisheni ya zamani kwenye kibanda chake huko Kirumba, karibu na mwalo. Anaanika dagaa. Nyuma ya ile televisheni niliweka kikompyuta kidogo, kila nusu saa kinachukua data na kuandika uwezekano wa mvua kwa maandishi makubwa. Alifurahi, na majirani wakawa wanakuja kuangalia kabla ya kutandaza nyavu. Sasa sikilizeni nilichokuwa nimeandika kwenye programu: except, nukta mbili, pass. Yaani ukishindwa kupata data, nyamaza, endelea na namba uliyonayo.

Bando likaisha Jumamosi jioni. Programu ikanyamaza, kama nilivyoiagiza. Jumapili alfajiri mitumbwi imerudi, dagaa wabichi hawasubiri mtu, mama anatazama skrini: mvua asilimia 5. Akaanika mzigo wote. Saa nne hivi ikashuka mvua ya ziwani, ile isiyokupa nafasi ya kukimbilia turubai. Dagaa walionyeshewa wanaoza, na ukibahatisha unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nilipofika hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye skrini, bado imeandikwa 5, akaniuliza, "Mwanangu, hii namba ni ya lini?"

Sikuwa na jibu. Data yenyewe ilikuja na saa yake, mimi ndiye niliyeitupa.

Kuna atakayesema: mwalimu, hili ni zoezi la wanaoanza, mambo ya saa tutaongeza baadaye. Hapana! Hiyo baadaye sijaiona ikifika. Na mwingine atasema data ni hai, inatoka kwenye seva sasa hivi. Fungua ile JSON usome. Chini ya "current", pamoja na joto, kuna "time". Mnairuka kila siku. Tena usipotaja ukanda wa saa, unaletewa ya GMT, saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Yenyewe inasema 06:00, mama anasoma saa kumi na mbili asubuhi, kumbe ni saa tatu, watu wameshakunywa chai. Andika timezone=Africa/Dar_es_Salaam kwenye ombi lako, kisha kwenye skrini uandike "saa tatu asubuhi" kama tunavyosema sisi. Usimwachie mama hesabu ya kutoa na kujumlisha. Na jueni kwamba joto lile halikupimwa na kipimajoto kilichotundikwa kwenye jiwe la Bismarck, lile la pale ziwani. Ni hesabu ya kompyuta kuhusu eneo hili. Mwambie mtumiaji ni makadirio.

Muda unanibana, haya mengine napita haraka. Mnaotumia requests, ile maktaba ya Python ya kuomba data mtandaoni, wekeni timeout, yaani kikomo cha kusubiri, wenyewe; usipoiweka, programu inaweza kusubiri seva bila kikomo, na mtandao wetu mnaujua. Mnaoomba data kwa fetch kwenye JavaScript, seva ikijibu 404, yaani ulichoomba hakipo, fetch haihesabu kuwa ni kosa, kwa hiyo kagueni "ok", inayosema kama ombi limefaulu, kabla ya kusoma kitu. Upepo unakuja kwa kilomita kwa saa. Kipimo kiandikwe pembeni ya namba. Kuhusu kuhifadhi data nilikuwa na mengi, tutakutana Alhamisi.

Yule mama bado ana ile televisheni. Siku hizi juu ya kila namba kuna saa ilipochukuliwa, na ikipita saa moja bila data mpya namba inafutika, yanabaki maneno: "Sina habari mpya, tazama mawingu." Anasema anaiamini zaidi sasa.

Haya, fungueni kompyuta, endesheni kazi zenu. Zimewaka zote? Sasa zimeni data. Ndiyo, zimeni, subirini dakika mbili, halafu nitapita meza kwa meza nisome skrini zenu zinasema nini.