Kutoka Kuuza Tisheti Mtandaoni Hadi Fremu Yako Dodoma: Anza na Daftari la Oda

Karibuni sana. Video hii ni ya wewe unayeuza tisheti za kuchapa kupitia Instagram na statasi ya WhatsApp, uko hapa Dodoma, na sasa unatafuta fremu ya duka. Tutakwenda hatua kwa hatua. Nitakaa zaidi kwenye kuchagua na kukagua fremu, maana hapo ndipo mtaji wa vijana wengi unapozama.

Hatua ya kwanza haidai hata shilingi. Fungua meseji zako za miezi iliyopita, chukua daftari, andika kila oda ilikwenda wapi. Tazama ukurasa huu wa mfano: UDOM, UDOM, Kisasa, Mtumba, Area D, UDOM, Nzuguni. Pembeni andika idadi: alichukua moja, au dazeni mbili? Ukimaliza utaona makundi mawili. Mwanafunzi anachukua moja, tena mara nyingi bumu likiingia. Ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba, kamati za harusi, kwaya, na familia iliyofiwa inayotaka picha ya marehemu kifuani, hao wanachukua nyingi kwa mpigo. Na hao ndio wanaotaka kushika kitambaa kwa mkono kabla ya kutoa advansi. Duka unawafungulia hao. Yule wa moja moja ataendelea kuagiza kwa simu na bodaboda itampelekea.

Kwa hiyo acha kumuuliza dalali fremu nzuri iko wapi. Jiulize wateja wako wa oda kubwa wanapita wapi wakiwa na shughuli zao mjini. Fremu ya barabarani ina bei yake, lakini ukiingia mtaa wa pili kodi hushuka, na mtu mwenye oda ya tisheti 50 hashindwi kuzunguka kona moja. Mimi ningechukua ya nyuma bila kusita.

Hatua ya pili: geuza gharama ziwe tisheti. Tuseme kodi ni 150,000 kwa mwezi, LUKU 30,000, ulinzi na taka 20,000. Jumla 200,000. Kama faida yako kwa tisheti moja, ukishatoa bei ya tisheti yenyewe, printi na usafiri wa mzigo kutoka Kariakoo, ni 5,000, basi tisheti 40 za kila mwezi ni za fremu, bado wewe hujala. Mwenye nyumba akitaka miezi 6 kwa mkupuo, hiyo ni 900,000, na dalali naye akitaka kodi ya mwezi mmoja, unafika 1,050,000 kabla hujanunua hata henga. Pesa hiyo isitoke kwenye pesa ya mzigo. Duka zuri lisilo na saizi za watu halisaidii.

Hatua ya tatu, na hapa naomba utulie: kagua umeme. Mashine ya joto ya mezani, ile ya kubandikia printi kwenye tisheti, inavuta takribani wati 1,400 hadi 1,800. Kabla ya kulipa chochote, omba kuchomeka pasi au birika la umeme kwenye soketi utakayotumia, liache dakika kadhaa, kisha gusa plagi. Ikiwa ya moto, au taa inafifia, mwite fundi umeme kwanza. Uliza pia kama mita ya LUKU ni ya kwako peke yako. Ukichangia na saluni, mtagombana kila mwezi.

Kwenye mkataba kuna jambo wengi hawaambiwi. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kama kodi ya zuio. Mwenye nyumba anaweza kukwambia, "Mimi nataka hela yangu kamili." Lizungumzeni hilo kabla ya kusaini, liandikwe, vinginevyo asilimia hiyo itatoka mfukoni mwako.

Makaratasi yafuate mpangilio huu: jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mkataba wa pango, kisha TRA kwa ajili ya TIN (namba ya mlipakodi), makadirio ya kodi na cheti cha kulipa kodi, halafu ndipo leseni ya Halmashauri ya Jiji. Ukianza na leseni watakurudisha. Hapohapo TRA uliza kuhusu mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti.

Sasa ndani ya duka. Adui yako Dodoma ni vumbi. Kiangazi upepo ukivuma, tisheti nyeupe iliyotundikwa mlangoni asubuhi, jioni ina mstari wa kahawia mabegani. Tundika moja tu kwa kila rangi, nyingine zibaki kwenye mifuko yake. Mashine kaa nayo nyuma, weka pazia. Angalia kwa karibu: hii ni chembe moja ya mchanga chini ya karatasi ya DTF, ile yenye picha iliyochapwa tayari inayohamia kwenye tisheti kwa joto. Nikibana, inaacha kitone ambacho rangi haikushika, na baada ya kufua kadhaa printi itaanza kubanduka hapo. Kwa hiyo kila mara: pangusa kwa brashi, bana tisheti tupu sekunde 5 itoe unyevu, weka karatasi, nyuzi joto 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15, kisha bandua kwa namna muuza karatasi alivyoelekeza, ya moto au iliyopoa.

Tenga pia seti ya kujaribia, S mpaka XXL, ambazo haziuzwi kabisa. Malalamiko makubwa ya mtandaoni ni saizi, na hapa unayamaliza mteja akiwa bado dukani.

Mwisho, kurasa zako usizilaze. Weka duka kwenye Google Maps, piga video fupi ukianzia sehemu inayojulikana, kama Nyerere Square, ukitembea hadi mlangoni, na uibandike juu ya ukurasa. Andaa sampuli mapema: Mei Mosi, Nane Nane pale Nzuguni, mahafali ya vyuo. Oda za Mei Mosi anza kuzitafuta Machi, maana ofisi hazitoi malipo kwa siku moja.