"Mliharakisha Ndoa kwa Ajili ya Pesa za Jeshi?" Haya, Leo Najibu

Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, wewe na huyo mwanajeshi wako mlioana kwa mapenzi au kwa posho ya nyumba?" Leo najibu. Najua wapo watakaosema najigamba, na wapo watakaosema nalia shida nikiwa Marekani. Semeni tu.

Jeshi la huku halimjui mchumba. Hata mpendane miaka mitano, bila cheti cha ndoa huna kitambulisho cha kuingia kambini, huna bima ya matibabu, na barua ya uhamisho ikija, jina lako halimo. Yeye naye, askari wa cheo cha chini asiye na mke, analazwa bwenini, na ile posho ya nyumba, BAH, haioni. Akioa anaipata, tena kwa kiwango cha wenye familia. Sasa barua imetoka: mnaagana au mnakwenda kwa hakimu? Sisi tulikwenda kwa hakimu. Mapenzi yalikuwepo, ila tarehe ilipangwa na jeshi.

Na hiyo pesa, jamani, inaishia kwa mwenye nyumba. Hupangwa kwa cheo na kwa eneo, mkihamishwa inabadilika. Shangazi yangu mmoja alisikia neno posho tu, akaanza kunitumia bajeti za ukoo mzima. Nikimweleza, naambiwa nimebadilika. Iliniuma, sitaficha.

Halafu makaratasi! Cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, pasipoti ina mawili. Ofisi moja, siitaji, ikanirudisha na kunirudisha, mume yuko mazoezini porini hapatikani kwa simu. Kama hakukuachia hati ya uwakilishi wa kisheria, hata mkataba wa nyumba huwezi kumsainia.

Na nyie mnaonifuata inboksi mkitaka "askari wa kuoana naye kwa karatasi tu, tugawane posho": hilo ni kosa la jinai. Yeye atashtakiwa jeshini, wewe uhamiaji hawatakuacha. Msiniulize tena.

Wenye wake waliobaki nchi walikotoka ni hesabu nyingine. Mwanajeshi akiwa na grinikadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia, mkewe yuko kwenye foleni ya viza. Akishaapa uraia, ambao wanajeshi huomba bila kulipia ada, foleni ile haimhusu tena mkewe. Ndiyo maana wengine hukimbilia kiapo kwanza.

Lakini haya ni yangu. Rafiki yangu mmoja mwanajeshi amekataa kuoa mpaka amalize mkataba wake wa kwanza wa jeshi, kila wikendi yuko barabarani kwenda kwa mchumba, na wanaelewana kuliko sisi. Wa maswali ya talaka na pensheni, tafuteni wakili, mimi hapo simo.