Mpeni mwalimu wa awali asubuhi moja

Ndugu wazazi, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati ya shule na walimu wenzangu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa niseme neno kwa ajili ya Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994. Ikikaribia, wazazi huuliza: tumnunulie mwalimu nini? Kitenge? Keki? Vitu hivyo ni vizuri, na mwalimu akipewa hufurahi. Lakini leo namwombea zawadi nyingine mwalimu wa darasa la awali. Mpeni asubuhi yenu moja, mje mkae na watoto.

Nimefundisha awali hadi kustaafu, na neno lililonichoma kuliko yote ni "yule anacheza na watoto tu". Hebu tuutazame huo mchezo. Mtoto wa miaka mitano anaimba moja, mbili, tatu hadi kumi bila kukosea, na mama yake anajisifu kwamba mwanangu anajua kuhesabu. Mwambie: nipe vizibo vinne vya soda. Anajaza kiganja, anakumwagia vyote. Namba anaziimba, ila bado hajatambua kwamba ukihesabu, namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo inayokwambia viko vingapi. Kujumlisha na kutoa kunaanzia hapo, na hapo mtoto hafiki kwa kuitikia kwa pamoja darasa zima. Lazima mtu akae naye, aangalie kidole kinavyogusa kizibo kimoja kimoja, aone kimoja kimerukwa au kimehesabiwa mara mbili, amwambie: "Haya, tuhesabu tena." Huo mchezo ndio hisabati, ndugu zangu.

Serikali imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Hali halisi mnaijua. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, jambo tulilolishangilia sote, yapo madarasa yenye watoto zaidi ya mia mbele ya mwalimu mmoja. Huyu anataka chooni, yule kamwaga uji, mwingine analia anamtaka mama, penseli zimevunjika ncha. Mwalimu kaandaa somo usiku, kakusanya mbegu na vijiti, kapanga kona za kujifunzia, na bado hapati nafasi ya kumwinamia mtoto mmoja. Mkija wazazi watatu, mmoja akasimamia kunawa mikono na uji, wawili wakakaa na makundi kwenye kona, nafasi hiyo ataipata.

Mtasema hamkusomea ualimu. Hamwombwi kufundisha. Mwalimu atakwambia: kaa na hawa sita, watenganishe maharage na mahindi, waulize fungu lipi lina punje nyingi. Fanya hilo hilo alilokwambia. Usimshike mtoto mkono ukamwandikia, mwache ajaribu. Kama mwanao yumo darasani, kaa na kundi lingine, maana atataka kupakatwa. Fimbo hapana, kufoka hapana. Na mliyoyaona kwa mtoto wa mwenzenu, nani hajui herufi, nani kajikojolea, yasifike kisimani wala saluni.

Mabibi na mababu, ninyi nawaomba kwa namna ya pekee. Huku kwetu watoto wengi wanaingia awali wakiongea Kisukuma tu, na mwalimu aliyepangiwa kutoka mkoa mwingine hakijui. Mtoto anakaa kimya, watu wanamdhania mzito. Bibi akiketi mkekani, akasema "hadithi, hadithi", akasimulia kwa Kiswahili na kuchomeka Kisukuma pale wanapopotea, yule aliyekuwa kimya ataanza kuuliza maswali. Msaada huo mwalimu hakuupata chuoni, na hakuna wa kumpa ila ninyi.

Akina baba, msiishie kwenye misumari. Rafu tunazihitaji, tena fupi, mtoto afikie mwenyewe. Mkimaliza kuzipigilia, nanyi kaeni chini na watoto.

Kamati nayo isije ikasema wazazi wanajitolea, basi walimu wanatosha. Hawatoshi. Endeleeni kudai walimu wa awali waliosomea kazi hiyo, na mdai kwa nguvu.

Anayetaka kuja apite kwanza kwa mwalimu mkuu, ajulikane. Hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na watoto, wala kumpeleka mtoto chooni wakiwa wawili tu, hata awe nani. Siku atapanga mwalimu wa awali, maana darasa ni lake. Fika saa moja na nusu, kabla vipindi havijaanza, akuonyeshe kona yako, na ubaki mpaka uji uishe, kwa sababu ukiondoka katikati kundi lako linamrudia yeye. Daftari la majina liko pale mezani kwa mwalimu wa taaluma. Sasa nayapokea maswali yenu, tuanze na akina mama wa nyuma kule.