Nunueni Gia, Injini Itachongwa

Mafundi wenzangu, na ninyi wenye bustani mliokuja kuona pesa zenu huwa zinaishia wapi, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie vitrekta vya bustani vya kizamani, vile vya Marekani vya miaka ya 1960 na 1970: Cub Cadet, Wheel Horse, John Deere 110 na ndugu zake. Hapa Nairobi si vingi. Kimoja utakikuta kimeachwa nyuma ya banda huko Karen, kingine kinauzwa na mgeni anayerudi kwao, kingine dalali amekwisha kukipiga rangi mpya. Huyo wa rangi mpya ndiye wa kumwogopa kwanza.

Mnunuzi wetu akifika huomba nini? Injini iwashwe. Ikinguruma, mkono uko mfukoni. Mimi nasema injini ndiyo ya mwisho kuhofiwa, na sababu yangu ni mji huu wenyewe.

Vingi vya vitrekta hivi vina injini ya Kohler ya aina ya K, silinda moja, bloku ya chuma kizito. Silinda imechongwa ndani ya bloku yenyewe, haina silivu (bomba la ndani linaloweza kubadilishwa). Ikilika, unaipeleka kwa wachonga injini wa Industrial Area, wanaipanua kwa sehemu 10 za elfu za inchi (yaani inchi 0.010). Ikilika tena miaka ijayo, sehemu 20, halafu 30. Pistoni na ringi za saizi hiyo utaagiza kutoka nje, lakini ni kifurushi kidogo, hakikufilisi. Kazi ya kuchonga ni ileile wanayofanya kila siku kwa injini za matatu na pampu.

Sasa gia. Ganda la gia likipasuka, au difrensho (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) ikisaga meno, unamwendea nani? Kuna mafundi wanaoweza kukukatia gia moja, tena vizuri, ila ukijumlisha chuma, kukata na kukaza kwa moto, bei inakaribia ya kitrekta kizima. Kwa hiyo anza chini. Fungua nati ya kumwagia oili ya gia, pokea kidogo kwenye kopo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Pitisha sumaku: unga mweusi mwembamba ni uzee wa kawaida, vipande vyenye ncha ni meno. Kisha inua magurudumu ya nyuma, weka gia, zungusha gurudumu moja kwa mkono; la pili ligeuke upande wa kinyume, bila kugonga. Tikisa ekseli juu na chini. Kama gia zake ni za haidroliki, yaani zinasukumwa na oili ya pampu, usikubali kuijaribu ikiwa baridi. Iendeshe mpaka ipate moto, halafu ipandishe mlima. Pampu iliyochoka huwa na nguvu asubuhi na kusimama saa sita.

Tofauti moja muhimu: Cub Cadet nyingi hupeleka nguvu nyuma kwa shafti, wakati John Deere 110 ya 1963 hutumia belti. Belti huisha, lakini belti inapimwa na kununuliwa Kirinyaga Road. Beringi pia: futa grisi, soma namba, taja namba dukani. Oili sili (pete za kuzuia oili isivuje) za vitrekta hivi ni za inchi, na nati vilevile, basi usimruhusu mtu ailazimishe kwa spana ya milimita.

Tukirudi kwenye injini, kuna mtego. Nyingi za K zina kifaa kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) kinachoachia valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kuwasha, ili mkono au stata isihangaike. Ukichomeka geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, itakupa namba ndogo na utaihukumu injini nzima bure. Toa waya wa plagi, acha plagi mahali pake, geuza flaiwili (gurudumu zito la injini) kinyume kwa nguvu. Ikikurudisha kwa mruko, silinda ina uhai. Ikizunguka kilegevu, jiandae kwa wachongaji.

Na oili, jamani. Injini hii haina pampu ya oili wala filta. Kuna kijiko kidogo chini ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) kinachorusha oili kila mzunguko. Oili ikishuka, kijiko kinarusha hewa, na konrodi ya alumini inashika krenki. Tazama kijiti cha kupimia oili kila unapowasha, si kila Jumamosi.

Mtu wa Nairobi aelewe pia kuwa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini iliyoandikwa nguvu farasi 12 kiwandani, hapa ina kama 10. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi, mtu anabadilisha plagi na kabureta bila kupona. Funga sindano kuu ya kabureta kidogo kidogo injini ikiwa na moto, mpaka isafishe sauti. Mwanya wa pointi (vigusano vinavyoamsha cheche) uwe sehemu 20 za elfu za inchi, wa plagi sehemu 35. Mambo ya nyaya sitayasemea sana. Mengi ni kutu ya arthi.

Kijana pale nyuma ameuliza kama anaweza kuondoa Kohler na kuweka injini ya Kichina ya pampu ya maji. Unaweza, na wapenda asili wakikasirika waache. Nguvu farasi 13 zitakata nyasi yako ya Kikuyu. Lakini pima kwanza kimo cha shafti na mahali puli inapokaa. Sahani ya visu isipolingana na puli, belti itatoka kila kona. Na hiyo Kohler usiiuze kama chuma chakavu. Paka silinda oili, ziba tundu la plagi, iweke ndani. Bloku ya namna hiyo hutaikuta tena Gikomba ikikungoja.