Kufunga na maumivu ya viungo: nafuu inakaa muda gani?

REHEMA: Karibuni tena, tunawafikia kutoka hapa Moshi. Kaka Elia, tangu tutangaze mada hii wengi wameuliza jambo lilelile: nikifunga, viungo vitaacha kuuma?

ELIA: Inategemea vinaumwa na nini, dada. Kuna baridi yabisi, kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo. Kuna goti lililolika kwa umri na uzito. Kuna gauti, asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu na kuganda viungoni. Wote watakwambia "miguu inaniua", lakini kufunga hakuwasaidii sawasawa.

REHEMA: Tuanze na baridi yabisi, maana shangazi yangu anayo. Anauza mitumba Kiborloni. Asubuhi vidole vimekakamaa kabisa, kifuniko cha chupa ya chai anakizungusha kwa viganja viwili. Mpaka saa tatu hivi ndipo vinalainika.

ELIA: Pole yake sana. Sasa, kwa watu kama shangazi kuna utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 1991 kwenye jarida la The Lancet. Wagonjwa 53. Kundi moja lilifunga siku 7 hadi 10: chai ya mitishamba, supu ya mboga, juisi ya mboga, basi. Wengine waliendelea na chakula chao cha kawaida. Waliofunga maumivu yalishuka, viungo vilivyovimba vikapungua, hata mkono ukapata nguvu ya kushika.

REHEMA: Kwa siku hizo chache?

ELIA: Ndiyo. Chakula kikikosekana mwili unachoma mafuta, ini linatengeneza ketoni, yaani nishati ya akiba itokanayo na mafuta, na mojawapo ya ketoni hizo imeonekana maabara ikituliza sehemu ya kinga inayochochea uvimbe. Ila ukirudi kwenye sahani ileile, maumivu yanarudi. Wale hawakufungua kwa pilau! Walirudishiwa vyakula kimoja kimoja, kipya kila baada ya siku mbili. Kikileta maumivu, kinaondolewa. Miezi mitatu na nusu bila nyama, maziwa wala ngano, kisha maziwa na ngano vikajaribiwa taratibu. Mwaka ulipoisha nafuu bado ilikuwepo.

REHEMA: Hilo huku kwetu linawezekana kabisa. Kiburu cha ndizi na maharage, mnafu, parachichi, vyote viko sokoni.

ELIA: Kabisa. Tatizo ni mtu anashinda njaa mchana kutwa, jioni anafungua kwa sambusa, chapati na soda.

REHEMA: Na wa gauti?

ELIA: Huyo nampa tahadhari kubwa. Ketoni na asidi ya yuriki zinagombea njia ya kutokea kwenye figo. Ukifunga muda mrefu yuriki inapanda, na dole gumba la mguu linaweza kuwaka usiku huohuo. Akifungua kwa nyama choma na bia ndio anajimaliza. Goti lililolika lenyewe linafaidika ukipungua: kilo 1 ikitoka mwilini, kila hatua goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4.

REHEMA: Shangazi ameshaanza kusema akifunga ataacha vidonge.

ELIA: Hapana, dada, tafadhali mwambie hapana. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, ndiyo inayozuia mifupa ya vidole isiliwe. Prednisoloni, ile ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Diklofenaki ya maumivu juu ya tumbo tupu inachubua tumbo mpaka vidonda. Na kama ana sukari na anameza glibenklamidi ya kushusha sukari, akifunga bila kurekebishiwa dozi anaweza kuzimia pale pale kwenye meza yake ya mitumba.

REHEMA: Zile siku saba je?

ELIA: Asizijaribu nyumbani. Wale wa Norwei walikaa wiki nne kwenye kituo, wakiangaliwa.

REHEMA: Sasa aanzie wapi?

ELIA: Aende kliniki na vidonge vyake mkononi, aulize. Wakimkubalia, ale cha jioni saa kumi na mbili, asitie kitu tena zaidi ya maji mpaka saa mbili asubuhi. Na aandike kwenye daftari alichokula na vidole vilikakamaa mpaka saa ngapi, kila siku. Daktari atalitumia hilo daftari.

REHEMA: Nampigia leo leo.